Baba Mkwe, Uliniambia Nipitishe Bomba

Baba mkwe mpendwa,

Hii ni mara ya pili tu mimi kusema nawe moja kwa moja. Ya kwanza unaijua mwenyewe, na ndiyo inayoninyima raha. Nakuandikia kutoka ofisini, hapa Makandana. Mvua inapiga bati tangu asubuhi, simu inaita na siipokei. Anayepiga ni mkandarasi wa mradi wetu wa maji. Anataka kujua kama katapila lake liendelee kukaa pembeni ya shamba lako kule Ikuti, au alipeleke kwenye kazi nyingine.

Nilipoolewa kwenu kutoka Morogoro nilikuwa nimeshasimamia ujenzi wa matenki na visima, lakini mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha kama mtoto. Mkwe wa kike hamwangalii baba mkwe. Hasemi naye, hataji jina lake, hakutani naye njiani. Kwetu baba mkwe unamsalimia na chakula unampelekea, kwa hiyo nikadhani ni mambo ya zamani, yameshaisha. Wapi. Wewe ulikuwa unakohoa kabla hujakata kona ya nyumba, ili nipate nafasi ya kujitoma kwenye migomba. Na mimi, meneja mzima wa mradi, na buti zangu na kofia ngumu kichwani, nachepuka kweli. Vibarua wangu waliniona siku moja wakacheka mpaka wakakaa chini.

Ulikuwa mjanja, lakini. Ukiwa na neno la kuniambia, unamwambia ng'ombe. "Wewe ng'ombe, mbona umekonda? Au na wewe unasimamia mabomba?" Namsikia mama anacheka huko ndani, na jioni naletewa sahani ya ndizi na maharage imejaa hadi juu. Nilikupenda sana, baba, na sikuwahi kupata pa kulisemea hilo.

Watu wanafikiri mradi mkubwa unakwama kwenye hesabu. Hesabu zangu ziko sawa. Mabomba yalichelewa bandarini, nikapiga simu mpaka sauti ikakauka, yakaja. Mtaro tunaochimba leo, kesho umejaa tope, maana mvua ya huku haina likizo. Kijiji kikipata msiba hakuna kibarua anayeshika jembe, halafu mshauri wa mradi aliyekaa Dar es Salaam ananiuliza kwa nini kazi imesimama. Yote hayo niliyaweza. Kimebaki kipande cha shamba lako. Bomba likipita pale juu kwenye migomba, maji yanashuka yenyewe hadi vijiji vyote vya mbele. Tukizunguka kwa chini inatakiwa pampu, na pampu haipo kwenye bajeti. Vijiji vile vitabaki na ndoo zao kichwani.

Siku ile mvua ilinikuta kwenu. Mama alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Nikajibanza nje ukutani, chini ya paa, wewe uko ndani. Ukakohoa. Nikasubiri uongee na ng'ombe.

"Mkwe," ukasema.

Nikageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine.

"Mkwe, bomba lako lipitishe kwenye migomba yangu. Jumapili nitawaambia wenzangu wa ukoo."

Nikajibu, "Ndaga, baba." Asante yenyewe nikaitoa kwa Kinyakyusa cha kubabaisha. Basi, tukasikiliza mvua, mimi nje na wewe ndani, mpaka ikapungua nikaondoka. Jumapili hiyo ndiyo tuliyokuzika.

Sasa baba mdogo, mdogo wako, ndiye mkubwa wa ukoo. Anasema kaka yake hakuruhusu bomba lolote, na kama yupo aliyesikia ajitokeze. Kikao ni Jumamosi. Aliyesikia ni mimi peke yangu, mtu ambaye ukoo mzima unajua hukuwahi kusema naye. Nikisimama, ama mimi ni mwongo, ama wewe ulivunja mwiko na mke wa mwanao, tena mama hayupo nyumbani. Midomo ya watu unaijua.

Nilimwambia Ambakisye. Mwanao akasema, "Mke wangu, liache. Baba amelala na heshima yake." Nilimkasirikia, halafu nikamwonea huruma, maana baba ni wake. Tangu hapo nakaa, nasimama. Naanza ripoti, naiacha. Chai inapoa mezani. Na wewe nimekukasirikia, baba. Ungeshindwa nini kumwambia ng'ombe, mama akiwepo?

Jana nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa mama. Nilimweleza yote nimeinamisha kichwa, yeye anamenya ndizi.

"Alisema au hakusema?" akauliza.

"Alisema, mama."

"Mwenyewe, kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaendelea kumenya. Nikajua nimemuumiza, nikataka kuondoka. Akanivuta gauni nikae.

"Jumamosi utakaa mkeka mmoja na mimi," akasema. "Ukisimama kusema, na mimi nasimama. Nione nani atasema neno la ovyo mbele yangu."

Sijui kama watakubali. Baba mdogo ni mgumu, na mjane anaweza kuambiwa akae chini. Naogopa, sikufichi. Lakini nitasema, baba. Nitasema mbele ya ndugu zako wote kwamba uliongea na mkwe wako, na atakayecheka acheke. Kama huko uliko umechukia, nisamehe. Ila wewe ndiye uliyeanza.

Lala salama, baba.

Mkweo,
mke wa Ambakisye