Aliyeketi Benchi la Mbele

Adu, mwezi wa Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umeacha kukusumbua, na baridi ya huko milimani haijakuzuia kushuka shambani. Mimi mwanao sijambo. Joto la huku nimelizoea. Maji ya kisima yenye chumvi bado.

Uliniuliza kama shule imepata nafuu. Imepata, ila kwanza lilitufika jambo ambalo nataka ulisikie kwangu, si kwa mtu mwingine.

Nilipofika, watoto wangu wa darasa la nne walikuwa wakiketi mchangani na kuandikia mapajani. Mkaguzi wa elimu alitwambia wazi kwamba bila madawati na bila watoto wa kutosha shule itafungwa, nao wapelekwe ile ya ng'ambo ya pori, ambako nyati hupita. Wazazi ni wakulima wadogo na mvua ilikuwa imewanyima mavuno. Hata hivyo walileta mbao walizoweza, na fundi mmoja mgeni, mtu wa bara kama sisi, akatutengenezea mabenchi. La mbele lilikuwa zuri kuliko yote: ubao mmoja mzito, mwekundu, ambao mchwa hawakuugusa. Siku hiyo nilifagia darasa nikiimba.

Haukupita muda nikaona kitu. Watoto wa benchi lile walibanana, wawili huku na wawili kule, hadi wa pembeni wananing'inia, na katikati pako wazi.

"Sogeeni," nikawaambia. "Nafasi ipo."

Kadzo, msichana mpole ambaye hajawahi kunibishia, akanitazama. "Hapana nafasi, mwalimu."

"Na hapo katikati?"

"Pana mtu."

Hakuna aliyecheka, Mama, na hilo ndilo lililonitisha. Watoto hucheka hata mtu akipiga chafya. Ilikuwa asubuhi, jua limejaa dirishani. Nikawaondoa, nikaketisha wengine, watoto wa wahamiaji ambao hata Kigiriama cha wenyeji hawakijui. Nao wakaacha pengo lile lile, bila hata kulitazama.

Mwalimu mkuu, Bwana Mulwa, alikuja na fimbo. "Ushirikina hauingii shuleni kwangu," akasema, akaketi mwenyewe pale katikati. Akaanza kuwahutubia. Ghafla akanyamaza, akageuza kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina na mtu aliye karibu sana. Kisha akainuka, akatoka, fimbo akaiacha. Hadi leo hajasema alisikia nini, nami sijamuuliza.

Baada ya hapo watoto wakaanza kupungua. Kadzo naye akakosekana, nikaambiwa baba yake, Katana, amepatwa na ugonjwa usiojulikana, halali wala hali. Nilifundisha darasa karibu tupu, nikijua mkaguzi atarudi. Ili nisisikie ule ukimya, nikawasomea waliobaki kisa cha msichana na chui, kidogo kidogo kila siku.

Mwishowe nikamwita fundi, tukalipindua benchi. Upande wa chini hakuwa ameupiga randa. Palikuwa na uso. Kichwa cha mviringo, macho mawili, na kifua kilichochongwa pembetatu hadi chini. Muda wote ule watoto walikuwa wamemkalia mgongoni, naye anatazama sakafu.

"Niliukuta kwenye mahame, mwalimu, mji ulioachwa na watu," fundi akasema. "Nilidhani ni gogo."

"Gogo lenye macho?"

Akachuchumaa, akaufuta uso ule vumbi.

Kile ni kigango, Mama. Ni nguzo ambayo Wagiriama humsimamishia mzee wao aliyekufa, nao wakihama hawaing'oi. Nikaukumbuka ugonjwa wa Katana, nikaenda kwake. Alikuwa amelala mkekani, amekonda. Nilipomweleza hakunikemea. Aliuliza tu, "Mmemkata miguu?"

Fundi alikuwa ameupunguza ubao ili utoshe. Nikasema, "Tumemkata."

Akajifunika uso kwa mikono. "Ni baba yangu. Kila nikisinzia ananiambia amechoka kukaliwa. Nami nikadhani ni homa."

Tulimrudisha sote. Wazee walitangulia, Bwana Mulwa akabeba upande mmoja, viatu amevivua. Fundi nami tukaomba radhi mbele ya watu, wazee wakamwaga pombe ya mnazi, akasimamishwa penye shimo lake, mfupi kuliko alivyokuwa. Jua lilimpiga usoni. Sikuweza kumtazama kwa muda mrefu.

Katana alipona. Yeye ndiye aliyewarudisha wazazi: wakakandika kuta upya, akakata mti wake mwenyewe, fundi akatengeneza benchi jingine bila kudai chochote. Mkaguzi aliporudi alikuta darasa limejaa na watoto wanasoma kwa sauti. Shule haifungwi. Tumeambiwa tujiandae hata kujenga chumba cha darasa la nane.

Siku ile mkaguzi alipoondoka, Katana alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, mimi sikusoma," akasema. "Lakini baba alikuwa akinisimulia usingizini. Msichana akaenda kisimani, chui akamwambia, nitupie kata yako."

Yalikuwa maneno ya kitabu, neno kwa neno. Kadzo hakuwa darasani siku nilizosoma kisa kile.

"Anauliza kiliishaje," akasema. "Mlimwondoa kabla hakijaisha."

Basi Jumamosi asubuhi nilichukua kitabu, nikaenda mahameni na Kadzo, nikasimama mbele ya kile kigango, nikamsomea mzee hadi mwisho. Nilipofunga kitabu upepo ulikuwa umetulia kabisa. Sauti yangu ilitetemeka mwanzoni, baadaye haikutetemeka.

Nisalimie Baba, na dada yangu Mghoi na mumewe, na shangazi anayekuletea kuni. Mjomba mchungaji naye msalimie sana, ila mwisho wa barua hii usimsomee.

Nakuombea uzima. Mimi binti yako anayekukumbuka,

Wakesho