Kumi na Mbili Nukta Sita

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani.
Jumapili, tarehe 26 Januari, mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima na kile kikohozi kimekwisha. Je, mabuti mapya yameacha kukubana? Na chakula cha huko umekizoea, au bado unasusa kama mtoto? Mimi sijambo. Kiuno kinalalamika kwa kukaa sana kwenye cherehani, lakini hicho kimeshakuwa mwenyeji.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu siwezi. Kuta za nyumba yetu unazijua, na Mama siku hizi anasikia hata uzi ukikatika. Nina jambo ambalo amenikataza nisikwambie, ndiyo maana naandika. Anadhani ni barua ya salamu tu.

Nianze na betri ya trela lako la safari, lile lenye kitanda, maana yote yameanzia hapo.

Unakumbuka ulivyotuachia. Uliliegesha kwenye banda la nyuma, ukaweka vigogo kwenye magurudumu, ukabandika karatasi ndani ya mlango: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tuongeze maji ya betri, tuichaji mpaka taa iwe ya kijani, tuache ipumzike, tuipime kwa mita, na waya mweusi ukae umetolewa ili kitu chochote ndani ya trela kisinyonye umeme kimyakimya. Mimi nilitaka kazi hiyo. Mama akanikatalia. Alisema safari ni yenu wawili na betri ni yenu wawili, mimi nibaki na nguo za watu.

Basi kila Jumamosi ya kwanza alivaa glavu zake za kufulia akaenda bandani, na kesho yake akakupigia simu. Volti kumi na mbili nukta sita, betri imejaa. Nilikuwa namsikia nikiwa hapa hapa, na niseme ukweli, nilikuwa naona wivu. Mlivyokuwa mkipongezana, mtu angedhani betri imefaulu mtihani.

Mwezi wa kumi na mbili Mama alishikwa na homa, nikaenda mimi.

Nilifungua sanduku la betri nikabaki nimesimama. Chaja alikuwa ameiacha imefungwa tangu mwezi uliotangulia. Kibano chekundu kilikuwa mahali pake. Kile cheusi kilikuwa kimeng'ata mkanda wa plastiki unaoishikilia betri. Maji yalikuwa yameshuka mpaka sahani za ndani zinaonekana, na sakafuni kulikuwa na madoa ya maji aliyomwaga pembeni akidhani anajaza. Nikachukua mita, haikuwaka. Nikaifungua mgongoni, nikakuta kile kibetri chake kidogo kimeoza na kuvuja siku nyingi. Ile mita haikuwa na tarakimu hata moja usoni, Kaka, na Mama alikuwa anakusomea.

Nilirudi ndani nikamkuta amejifunika shuka. Nikainua vidole vitatu mbele yake, nikamuuliza ni vingapi. Akageukia ukutani, akasema nisimletee utoto.

Daktari wa macho anasema ni presha ya macho, na imemla polepole bila maumivu. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Amepewa dawa ya matone, asubuhi na jioni, namtia mwenyewe. Dawa inapunguza mwendo wa ugonjwa, lakini kilichokwenda hakirudi. Nilimuuliza daktari kama jicho litafika mwisho wa mwaka. Alisema hawezi kuniahidi.

Nimejilaumu sana. Nilikuwa naye meza moja kila siku. Mwezi wa tisa nilimpa gauni la bibi harusi anifumulie pindo, akafumua mshono wa ubavuni. Nilimfokea. Nilimuuliza macho yake yako wapi. Akanijibu yako usoni, tukacheka wote wawili, nikashona upya. Kila nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi ipasuke inimeze.

Na wewe pia sikuachi. Wewe ni fundi mitambo. Betri gani inatoa namba ile ile miezi saba mfululizo, wakati wa joto na wakati wa baridi? Ulifurahi kuisikia hukutaka kuuliza zaidi. Nisamehe, lakini ningekuficha hilo ningekuwa nakudanganya kama alivyokudanganya Mama.

Betri ile imekufa. Fundi betri aliichunguza akatikisa kichwa, akanionyesha sahani zilivyoota unga mweupe. Anasema ikikaa tupu muda mrefu hivyo haishiki chaji tena, hata uichaji wiki nzima. Tumeweka mpya, na safari hii nimejifunza mwenyewe. Kabla ya kuchaji nahakikisha maji yamefunika sahani, najaza mpaka mstari baada ya kuchaji, maana ikichajiwa maji hupanda. Mlango wa banda nauacha wazi kwa sababu ya ile hewa yake mbaya. Na fundi amenionya nisiiache ishuke chini ya kumi na mbili nukta nne.

Nilimuuliza Mama kwa nini alificha. Hakutaka kujibu, mpaka siku moja nikiwa namtia matone, amelala chali, hana pa kukimbilia. Alisema ungejua ungevunja mkataba wa kazi huko, au ungeliuza trela umtafutie madaktari, na yeye anataka safari. Unaijua ile picha ya maporomoko ya maji iliyokuwa kwenye ukuta wa chumba cha kufulia pale hospitali. Miaka ishirini na saba alipiga pasi mashuka ya wagonjwa akiiangalia. Ulimwahidi utampeleka, mtalala mle mle kwenye trela, na asubuhi atafungua dirisha ayaone. Anasema mkataba wako umebaki miezi kumi na minne tu, atavumilia. Eti hata asipoyaona atayasikia. Alisema kwa mzaha, na mimi sikuweza kucheka.

Nilimwambia nitatafuta dereva atuburutie trela, twende hata wiki ijayo. Mimi mwenyewe siwezi, unajua hata baiskeli ilinishinda. Alikataa kabisa. Mtu aliyemwahidi ni wewe.

Bado anakwenda bandani kila siku, mkono ukutani, midomo inahesabu hatua. Anakaa kwenye ngazi ya trela. Wiki iliyopita nilimkuta amefungua dirisha la kitandani, analifunga, analifungua tena. Nilirudi ndani nikalia.

Uliniambia likizo yako ya mwezi wa nne hutaichukua, utabaki kazini. Ichukue. Ukija, usimwambie kwamba nimekwambia. Sema umeikumbuka nyumba, sema umepewa likizo kwa nguvu, sema lolote. Uongo katika nyumba hii tumeshauzoea, mmoja zaidi hautatudhuru.

Shangazi anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Jirani wa mbele anaulizia lini utamrudishia jeki yake. Nisalimie yule mpishi mnayelala naye chumba kimoja, mwambie apunguze chumvi. Mungu akulinde huko kwenye mitambo, akurudishe na vidole vyako vyote kumi.

Kabla sijafunga bahasha nimemuuliza Mama kama ana neno. Amesema nikuambie betri iko kumi na mbili nukta sita. Nimekwenda kuipima. Ni kumi na mbili nukta nne. Nitaichaji Jumamosi, na itapanda. Jicho la Mama haliwezi kupanda, Kaka. Njoo mwezi wa nne.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Sindano