Namba Sita Bado Inakungoja

Dubuque, Iowa
Februari 9

Merle mdogo wangu,

Huku theluji imefika dirishani. Shemeji yako Arlene anakusalimu, supu yake ya maharagwe imezidi chumvi kama kawaida.

Sasa nisikilize. Siku ile ulipobamiza mlango kwa sababu ya ugomvi wetu wa nyumba aliyotuachia mama, zamu ya kutoa amri za treni zetu ndogo za kuchezea kule chumba cha chini ya nyumba ilikuwa yako. Ulikuwa umeshampa jirani Delbert amri ya maandishi kwamba treni yake, Namba Sita, isubiri stesheni ya Elkport mpaka treni yako ya mizigo ipite. Kisha ukaibeba treni yako, ukaenda nayo Arizona.

Delbert ni mkaidi kama punda, hataki kusogea. "Amri haifi mpaka itimizwe, au aliyeitoa aifute. Merle mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

Nikamwambia nitaifuta mimi.

"Wewe umekuwa Merle tangu lini?"

Jumamosi ya tatu hii, wazee sita tunakunywa kahawa tukitazama treni iliyosimama. Nimechoka, Merle.

Nyumba ya mama chukua. Ila amri hiyo usiifute kwa simu. Lete treni yako ipite.

Kaka yako aliyeishiwa subira,
Lowell