Nusu Yangu, Nusu Yake

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mimi mzima, ila usingizi unanipiga chenga. Dawa yetu imefika hospitali ya huko kwenu, ijaribiwe kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Nakuomba ujiandikishe. Ndiyo, inatoka kwenye bangi, lakini tumechukua kinachotuliza maumivu na uvimbe, kinacholevya tumekiacha. Wengine watapewa vidonge vitupu, visivyo na dawa, tupate kulinganisha. Nani kapata kipi, hata daktari hajui. Nijibu upesi, moyo hautulii.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wazima sisi, ukiacha vidole vyangu, ambavyo sindano haviishiki tena. Anayeniandikia ni jirani yangu, Mama Pacha, mwenye magoti mabovu. Tumejiandikisha wote wawili. Fundi viatu ameniuliza kama kweli mwanangu kasomea kupika bangi. Nimemjibu ndiyo, na shahada anayo. Cherehani yangu inanitazama tu.

Mama yako

9 Juni

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Kazi haijakumaliza? Tazama mwandiko: ni wangu! Nimeanza gauni la harusi, na Mama Pacha anapanda ngazi bila kushika ukuta. Habari ya vidonge vitupu isikutie wasiwasi. Tuliona si haki mmoja apewe dawa, mwenzake chaki. Kila asubuhi tunavikata kwa kisu, nusu yangu, nusu yake. Kizuri kula na nduguyo.

Mama yako, fundi tena

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilicheka, kisha nikakaa chini. Sasa hakuna anayejua nyinyi mmemeza nini, na majibu yenu yatapotosha ya wote. Nikisema, mtatolewa kwenye majaribio, na dawa hamtaipata tena. Nikinyamaza, nitakuwa nimewadanganya wagonjwa wote watakaoitumia. Nazunguka chumbani na barua yako mkononi. Nikiutazama mwandiko wako, nasema bora ninyamaze. Naogopa, Mama. Nifanyeje?

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Unalala sasa? Lala. Barua yako ilipofika tulikwenda wenyewe kwa daktari, tukamwambia. Alifoka weee, akachukua vidonge, akatufuta kwenye orodha. Nilikufundisha nini ukiwa mdogo? Mshono uliokwenda kombo haufichwi kwa pasi, unafumuliwa.

Gauni limebaki mkono mmoja. Mwenye gauni nimemwambia atafute fundi mwingine. Wewe fanya kazi, mwanangu, na ufanye haraka. Mama Pacha anakusalimu. Mwandiko ni wake.

Mama yako