Ukurasa wa Kumi na Saba wa Daftari la Ajali

3 Machi

Kwa shemeji yangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao. Sisi huku hatujambo, ila mgongo wangu siku hizi una maamuzi yake. Asubuhi ndio unaoamua kama tutainuka au la. Dada yako hajui kwamba nakuandikia.

Imepita miaka kumi na minane bila neno kati yetu, na kwenye mazishi ya mama yenu ulinipita kama mtu anavyopita nguzo. Sikulaumu.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani binti mmoja, afisa mpya wa usalama na afya kazini pale manispaa. Alikuja na lile daftari la ajali la yadi, limeliwa na mende pembeni. Anaandika upya kanuni za wapakiaji wa malori ya taka, na kila ajali ya zamani anataka ajue ilitokeaje. Akafungua ukurasa wa kumi na saba, akaniuliza, "Mzee, huu ni mwandiko wako?"

Ni wangu. "Mpakiaji aliingiza mkono kwenye mashine kwa uzembe wake mwenyewe." Mkono wako wote wa kulia, shemeji, niliuweka kwenye mstari mmoja. Nikamwomba anipe muda.

Tangu siku hiyo lori letu namba tisa halinitoki kichwani. Tulianza mzunguko kabla jua halijatoka, wewe umening'inia nyuma unapiga mluzi, na akina mama wanatoka na ndoo zao hata sijagusa honi. Unakumbuka siku dada yako alipoleta yadini chakula ulichosahau, ukakuta nimeshakila? Ulininunia hadi saa nane, kisha ukacheka mpaka ukakaa chini. Mwaka uliofuata ukaniita shemeji.

Nataka kumwambia yule binti ukweli. Nimeona nikuulize wewe kwanza.

Shemeji yako


12 Aprili

Kwako dereva,

Barua nimeipata. Mimi ni mzima, mwanangu ni mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako iliishi chini ya redio mwezi mzima; naitoa, naipangusa vumbi, nairudisha.

Siku hizi nauza miche. Mkono wa kushoto umejifunza kila kitu isipokuwa kufunga kamba za viatu, kwa hiyo navaa ndara hata harusini.

Nami nalikumbuka lile lori, sitadanganya. Nakumbuka hata harufu yake, na lile bomba la yadi tuliponawa watu sita kwa kipande kimoja cha sabuni. Jozi moja ya glavu tuligawana wawili, mimi ya kulia, mwenzangu ya kushoto, tukaona ni jambo la kuchekesha. Sasa sielewi tulicheka nini.

Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa kimekufa wiki tatu, na ni wewe uliyekwenda kumwambia msimamizi, mara mbili. Kioo cha upande wangu kilikuwa kimevunjika, usingeweza kuniona. Hayo nayajua na sikushikilii kwayo. Lakini tulikuwa na lugha yetu. Nikigonga bodi mara mbili, shindilia. Nikigonga mara moja, ngoja. Siku ile gunia lilinasa, nikaingiza mkono kulitoa. Niligonga mara moja.

Kabla hujamwendea afisa yeyote, nijibu mimi. Ulisikia ngapi?

Kaka wa mke wako


25 Aprili

Shemeji,

Sijui nianze na salamu ipi. Tu wazima, ila dada yako ana mafua.

Nilisikia moja.

Nilisikia moja, nikajiambia ya pili imemezwa na kelele za injini. Tulikuwa tumechelewa, mitaa miwili bado, na msimamizi alishasema lori litakalorudi baada ya saa sita, dereva wake akatafute kazi kwingine. Nikavuta leva ya kushindilia. Halafu nikasikia sauti yako.

Jioni yake msimamizi aliniketisha ofisini, akanisogezea kalamu. "Andika uzembe wa mpakiaji, tumalize," akasema. "Ukiandika kitufe, watakuuliza kwa nini ulitoa gari bovu." Niliogopa, nikaandika. Kesho yake nilikuja hospitali na machungwa, nawe ukaniambia, afadhali ulikuwa wewe kwenye usukani, mwingine angekimbia. Nikakumenyea chungwa. Kisha wakakunyima fidia, ukaenda kuusoma ule ukurasa mwenyewe, na tangu hapo hukuongea na mimi.

Binti ameniomba nizungumze na wapakiaji Jumatano tarehe kumi na tano Mei, saa mbili asubuhi, yadini. Ukisema nisiende, sitakwenda. Ukinyamaza, nitakwenda.

Shemeji yako


18 Mei

Shemeji yangu,

Natumaini mu wazima. Ulinyamaza, nikaenda.

Yadi imepakwa rangi, na pale tulipokuwa tukikaa juu ya matairi kunywa chai ya chupa pamejengwa chumba cha kubadilishia nguo. Nilisimama nikakitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wapangaji wengine. Wapakiaji walifika kama arobaini, na wanawake wamo. Niliwaambia yote, kioo, kitufe, glavu, kugonga mara moja, na nilichoandika.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja akanyoosha mkono. "Mzee, lori letu kitufe kimezibwa na selotepu tangu mwezi uliopita. Tuliambiwa tuvumilie." Yule binti akaenda moja kwa moja kwenye lori, akabandua, akawasha mashine, akabonyeza. Haikuzimika. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Msimamizi wao akalalamika kwamba mitaa itanuka. Binti akamjibu, "Itanuka."

Nimeandika karatasi mpya, imebandikwa juu ya ule ukurasa. Nimeomba nakala uletewe.

Dada yako nilimwambia usiku wa kuamkia Jumatano. Tangu hapo ananiwekea chakula mezani, yeye anakula jikoni. Ana haki.

Shemeji yako


9 Julai

Kwako shemeji,

Habari za huko, na mgongo unaendeleaje? Huku tuko salama. Dada ameniandikia kurasa sita, nne kati yake za kukusema wewe, kwa hiyo najua mafua yamekwisha.

Nakala ilifika. Nilimpa mwanangu aisome. Mwaka ule alikuwa na miaka saba, na shuleni walimwita binti wa mzembe. Aliisoma mara mbili, amesimama. Akauliza, "Baba, kwa nini hukusema?" Nikamwambia nilisema, haikuandikwa. Akatoka, akakaa kwenye miche muda mrefu. Karatasi ameiweka kwenye mkoba wake, hajanirudishia.

Sitakwambia yamekwisha. Zipo asubuhi nahangaika na vifungo vya shati ndipo nakukumbuka, na sikukumbuki kwa wema. Lakini kila nikimsimulia mwanangu habari za lori nakukuta umo ndani, nakutoa, na hadithi inavunjika. Nimechoka kuzivunja. Zilikuwa siku nzuri, na aliyekuwepo ni wewe.

Tutakuja Jumamosi, mimi na mwanangu, kwa basi la asubuhi. Usije kutupokea. Kaa nyumbani, na nikiingia usinyanyuke kuanza kusema. Tutakunywa chai kwanza. Mengine yakija, yatakuja mezani, dada akiwepo.

Shemeji yako