Vizimba Vilivyofungwa Zaidi ya Siku Tisini

Jumatatu, 29 Julai
Nimefungua ramani ya manispaa kabla ya chai. Kwanza "Taa zisizowaka". Nyingi. Kisha "Makalavati yaliyoziba". Karibu yote, yaliyobaki nadhani hayajakaguliwa tu. Maswali haya niliyatunga mwenyewe nikayahifadhi humo, kwa kujifunza kwenye simu, maana kozi ya Dodoma alikwenda mtu mwingine. Unaiuliza ramani mara moja, nayo inajijibu kila asubuhi bila kunung'unika. Laiti na mimi.

La mwisho: "Vizimba vilivyofungwa zaidi ya siku tisini". Kizimba cha sokoni kikifika hapo kinakuwa chekundu, mkuu wangu anakitangaza, anapewa mwingine. Leo kuna kimoja kipya. Cha asali. Jina: Bi Zuhura.

Nimechoka ghafla. Bi Zuhura hajakimbia biashara. Yuko ndani, eda. Mumewe, Mzee Salum, tulimzika Aprili. Mkuu mwenyewe alikuwepo, akala na wali. Mkaguzi kapita kila wiki, kaona kufuli, kabonyeza "kimefungwa". Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo linaloudhi.

Jumatano, 31 Julai
Nimemweleza mkuu. Eda ni miezi minne na siku kumi, bado mwezi na kitu. Kizimba kile kinalisha wajukuu watatu. Mkuu si mtu mbaya, ila ana orodha ndefu ya waombaji.

"Masanja, mfumo una mahali pa kuandika msiba?"

Hauna.

"Basi."

Mchana nimepaweka. "Sababu ya kufungwa". Nikaiambia ramani iwaruke walio eda. Nimejiona bingwa.

Jumatatu, 5 Agosti
Ubingwa umeisha. Habari zimefika sokoni. Kwenye ramani sasa kuna wanaume wanne wako eda. Mmoja muuza mitumba. Mkewe kaniuzia maandazi asubuhi hii hii, mzima wa afya. Mkuu kaifuta sehemu yangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ningeweza kukifuta kizimba chenyewe kisionekane. Dakika moja. Lakini kisichokuwepo kwenye ramani hakina mwenyewe, na akitoka atadai nini?

Jumanne, 6 Agosti
Nimepita Gongoni, kwa Bi Zuhura, kumpa taarifa. Yeye haonani na wanaume, nimesimama uani, dada yake kati yetu, pazia limeshushwa. Nikaamkia pazia. Likaitika. Nikaeleza. Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia:

"Mwambieni Masanja asijisumbue. Kizimba nitatafuta kingine. Mume simkalii eda mara mbili."

Vingine havipo. Anajua. Nimerudi kwa miguu, najichukia kidogo.

Jumatatu, 12 Agosti
Kimetangazwa. Wa kwanza kwenye orodha ni Mama Kulwa wa Ipuli. Anauza nyanya chini, juani, ameomba kizimba tangu mwaka juzi. Kaingia ofisini na sauti yake yote.

"Mzaramo wangu kafa! Mrithi nani kama si mimi Mnyamwezi? Kizimba changu hicho!"

Ofisi nzima kicheko. Marehemu alikuwa mtani wake. Hata siku ya mazishi alilizuia jeneza mlangoni, anadai viatu. Mimi sikucheka. Msibani ni sawa. Kumpokonya mjane riziki ni kitu kingine. Nilimchukia kwa dhati, nakiri, wakati natafuta kalamu ya kumpa.

Kabla ya kusaini kainamia skrini yangu. Sauti chini.

"Baba, nikikabidhiwa leo nisifungue, hiyo ramani yako itanivumilia mpaka lini?"

"Siku tisini, mama. Jina jipya, inaanza kuhesabu upya."

"Kumbe ina adabu kuliko nyie."

Akasaini. Kufuli la Bi Zuhura hakuligusa.

Jumatatu, 26 Agosti
Wekundu umeondoka. Kufuli lile lile. Ila anayefuata kwenye orodha, fundi viatu, anapiga kelele: mama kapewa, hafungui, kuna mchezo. Mkuu kaniuliza. Nimesema anangoja msimu wa asali. Hakuniamini. Kaamua kwenda mwenyewe, nami nyuma.

Mama Kulwa alikuwa chini na nyanya zake, mbele ya kizimba kilichofungwa. Mkuu kauliza kwa ukali. Mama hata hakuinuka.

"Mkuu, na mimi nimefiwa. Mtani wangu. Nimo eda."

Watu wakacheka. Mkuu naye kacheka. Halafu kalitazama kufuli, akaacha kucheka. Akageuka, tukarudi ofisini. Sijui kesho itakuwaje. Sina nguvu ya kuwaza.

Jumatatu, 9 Septemba
Bi Zuhura katoka eda wiki iliyopita. Leo wamekuja wawili. Mama Kulwa anarudisha, Bi Zuhura anapokea. Nimeandika. Mkuu katia saini bila kuinua uso. Jina la Mama Kulwa limekwenda mwisho wa orodha, utaratibu. Nilimwambia kwa aibu. Kasema anajua kusoma.

Jioni nimepita sokoni. Bi Zuhura anafuta vumbi kwenye chupa, moja moja. Mama Kulwa kasogeza nyanya zake ubavuni, kwenye kivuli cha kizimba. Nimewaamkia. Wameitika marahaba kwa pamoja, wakaendelea na mazungumzo yao. Nimenunua nyanya.