Mche wa Mkuu wa Shule

Shoga, usicheke. Watoto wangu wa darasani wameng'oa mti wa mkuu wa shule.

Ule mche wa mbele ya ofisi, anaoumwagilia kila asubuhi kama anaogesha kichanga.

Kosa ni langu. Niliwaonyesha kitabu cha picha cha miti ya msituni, ukurasa wa mizizi, nikawaambia eti kila kilichochorwa humo ni kweli, mtu anaweza kuhakikisha mwenyewe. Mapumziko wakaenda kuhakikisha.

Natoka, nawakuta wamechuchumaa, kitabu wazi, mmoja ameushika mche kama kuku. Nyuma yao mkuu. Mkuu, shoga, anayeamua wiki hii kama nitaajiriwa.

Akachuchumaa na suti yake. "Mzizi mkuu ni upi?" Wakamwonyesha kwenye picha, kisha kwenye mche.

"Haya, urudisheni ardhini." Akanigeukia. "Wameelewa, mwalimu. Utabaki nasi."

Machozi yakanilenga. Ndipo kabinti kamoja kakamuuliza kwa adabu zote: "Mkuu, kesho tunasoma pete za ndani ya shina. Tuje na msumeno?"

Kazi nimepata. Kitabu amekifungia ofisini.